Kisanduku cha Sita

Nilikuwa na mkono mzuri tangu mdogo, na watu walinisifu mpaka wakaniharibu. Kwetu bi harusi hakupakwa hina na mwingine kama mimi nipo. Chuoni, tulikosomeshwa Kurani, nikimaliza kuandika ubao wangu, mwalimu aliuinua juu ili wavulana waone haya. Sasa mimi ni mtu mzima, meno yangu yanahesabika, na nikimsikia mama anamsifu binti yake kwa mkono wake natamani kumziba kinywa. Mkono mzuri humdanganya mwenyewe. Humfanya aamini kwamba alichokitengeneza kinaeleweka na kila mtu, kwa sababu tu kinapendeza.

Sisi ni watu wa pwani, kusini kidogo ya Mocímboa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kwa mtu asiyebeba mzigo. Vita vilipotukaribia, askari wa Kireno walitutoa vijijini mwetu, wakazichoma nyumba nyuma yetu tusije tukarudi, wakatukusanya ndani ya uzio wa waya wa miiba wenye lango moja na mnara mmoja. Wenyewe walipaita aldeamento. Sisi tulipaita wayani. Mtu akiulizwa anakaa wapi, alijibu "wayani", na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ndani ya waya hamkuwa na shamba, hamkuwa na kuni, hamkuwa na kisima cha maji matamu. Vyote vilikuwa nje, na nje hatukwenda kwa kutaka. Kapiteni wa askari wale alitugawa mitaa minne, kisha akazigawa pande za nje: kaskazini mashamba ya muhogo, kusini kuni na maji, mashariki pwani. Kila mtaa ulipewa upande na siku. Mara nyingine mpango mmoja ulikaa majuma mawili matatu, mara nyingine ulibadilishwa ghafla, watu wa porini, waliokuwa wakipigana na Wareno, wasije wakautegemea. Alhamisi alasiri sipai, askari mweusi wa serikali, alipita akigonga debe na kutangaza mpango wa juma linaloanza Jumamosi. Alitangaza mara moja, upesi upesi, akaenda zake.

Siku ambayo upande fulani haukupewa mtaa wowote, askari walijificha huko na bunduki zao. Chochote kilichotembea walikiita turra, jina lao la watu wa porini, wakakipiga. Mzee mmoja wa mtaa wetu alimfuata mbuzi wake kaskazini siku ya Jumatano, akidhani ni Jumanne. Tulimzika na kipande cha kamba ya mbuzi mkononi, maana vidole vilikataa kufunguka. Baada ya maziko yale wanawake walianza kunijia mmoja mmoja, wananiuliza leo siku gani, kesho zamu ya nani, na mimi nikaona hapa pana kazi ya mkono wangu.

Wazo lenyewe nililipata kwa mume wangu. Yeye alikuwa karani wa kuhesabu magunia bandarini Mocímboa, na kwa sababu ya kazi ile aliruhusiwa kukaa mjini, mimi nikabaki wayani na mama yangu. Aliwahi kunieleza kwamba mkuu wake alikuwa na agenda mezani, kitabu ambacho ukikifungua unaliona juma zima mbele yako, siku saba ndani ya visanduku saba, na kila shughuli imewekwa mahali pake. Nilikipenda kitabu kile bila kukiona. Kila mmoja wetu akabaki na picha yake kichwani, na hatukuwahi kuzilinganisha.

Basi nikaanza. Karatasi niliitoa kwenye mifuko ya saruji waliyojengea mnara. Ile ya ndani ni safi ukiikung'uta vizuri. Mistari niliinyoosha kwa ukindu wa kusukia mikeka. Herufi sikutia hata moja, kwa sababu herufi nilizozijua ni za chuoni, na askari wakikuta karatasi yenye herufi za Kiarabu walidhani ni barua ya porini, na mwenye nyumba alichukuliwa pamoja nayo. Nilitia rangi badala yake. Zamu ya pwani niliipaka buluu ya kufulia. Zamu ya kuni na maji niliipaka maji ya gome la mkandaa, mekundu yaliyoiva. Zamu ya shamba ilikuwa kipande cha kijani nilichokata kwenye pakiti za chai. Pembeni nilizungusha maua ya manjano, na juu nilibandika karatasi ya fedha ya sigara, ambayo askari waliitupa mavumbini nami nikaiokota kama nimeangusha sindano.

Gundi ilikuwa uji wa muhogo. Mama alinitazama ninavyobandika, akanisonya.

"Njaa yote hii, mwanangu, wee unalisha karatasi."

"Karatasi ndiyo inayotulisha, mama."

"Haya. Kesho uitafune."

Lakini hata yeye aliichukua yake. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na karatasi ya juma ukutani, na mwiba wa mlimao uliochomekwa kwenye kisanduku cha siku ile. Kila alfajiri baada ya kuswali mwenye nyumba aliusogeza mwiba kisanduku kimoja. Hakuna aliyekosea tena. Niseme kweli, nilijivuna. Tulikuwa tunakonda, watoto wanaharisha, usiku tunasikia mizinga upande wa bara, na mimi nilikuwa nawaza ua la juma lijalo niligeuze vipi ili lisifanane na la juma hili. Nadhani bila ujinga ule ningepata wazimu.

Mume wangu hakuwa na ruhusa ya kutoka mjini. Ruhusa waliiita guia, na guia yake iliishia kwenye kizuizi cha barabara. Kwa hiyo tulikutana shambani. Siku ya zamu yetu ya kaskazini yeye aliondoka mjini alfajiri, akapita nyuma ya mikoko, akaingia mashambani akajichanganya na watu wa mtaa wetu na jembe lake begani. Kwa mbali alikuwa mlimaji kama wengine. Adhuhuri alirudi alikotoka. Ili aijue siku, nilimpelekea karatasi ya juma, ndogo, ya kuingia kiganjani, na aliyeipeleka alikuwa shangazi yangu, aliyekuwa na guia ya kwenda kuuza samaki wakavu mjini kila Ijumaa na kurudi Jumamosi. Siku moja askari wa langoni aliikunjua karatasi, akaitazama huku na huku, akasema "bonito", yaani nzuri, akamrudishia. Shangazi alinisimulia huku anacheka, nami nikavimba kichwa.

Majuma matatu mfululizo zamu yetu ya kaskazini iliangukia Jumanne. Majuma matatu mfululizo yeye alikuja Jumanne. Nilikuwa na mimba kubwa, alinikalisha chini ya dungu la kuwingia ndege, akalima yeye safu zangu. Tuliona karatasi inafanya kazi, tukamshukuru Mungu.

Kisha nilijifungua, mtoto wa kike. Yalipita majuma mawili hatukupewa kaskazini kabisa, na yeye hajamwona mwanawe. Mtaa mzima ulikuwa unakula maganda ya muhogo. Alhamisi ile debe lilipogongwa nilisimama mlangoni na mtoto titini, na sipai akasema mtaa wetu utakwenda mashambani Alhamisi ijayo. Siku nyingine zote za juma upande wa kaskazini hauna mtu. Alilirudia neno hilo, na haikuwa kawaida yake kurudia: hauna mtu.

Niliitengeneza karatasi yake jioni ile ile, kabla ya magharibi, na sijapata kutengeneza nzuri kuliko ile. Kwenye kisanduku cha sita niliweka kijani cha shamba, na chini yake nilikichovya kisigino cha mtoto kwenye manjano nikakikandamiza. Alama ilitoka ndogo, safi. Ijumaa asubuhi shangazi aliitia kapuni chini ya samaki akaondoka.

Jumamosi alirudi, saa saba mchana hivi. Nilikuwa natwanga maganda makavu. Aliweka kapu chini, akachota maji, akanywa, ndipo akaanza kucheka.

"Mumeo kalia. Kakiona kisigino cha mtoto, kalia mbele za watu, mwanamume mzima. Kasema nikwambie, kesho anamwona mwanawe."

Nilidhani amechoka na jua. "Kesho gani, shangazi? Ni Alhamisi."

"Miye sijui ya Alhamisi. Kasema kesho. Jumapili. Kaomba na mapumziko ya siku moja kwa mkuu wake, kapewa."

"Aliishika vipi karatasi? Nionyeshe."

Shangazi alikunja uso, akaikamata karatasi yangu ya ukutani, akaweka kidole upande wa kushoto. "Kaanza hapa. Moja. Mbili. Kasema, hii hapa, Jumapili."

Nilisimama na mchi mkononi. Nilijifunza kusoma chuoni, na chuoni mtu huanza kulia. Jumamosi, siku ya kwanza ya juma, niliiweka kulia kabisa, kisha Jumapili, kisha Jumatatu, mpaka Ijumaa kushoto mwisho. Wanawake wa mtaa wetu wote walikuwa wa chuo, na miiba yao yote ilitembea kutoka kulia. Sikumwambia mtu aanzie wapi, kama nisivyomwambia mtu aingie msikitini kwa mguu gani. Lakini mume wangu alisomeshwa skuli ya Wareno tangu mdogo, na kalamu yake ya bandarini ilianza kushoto. Kisanduku changu cha sita kwake kilikuwa cha pili. Na zile Jumanne tatu zilizotufurahisha! Jumanne ni siku ya nne, iko katikati, ukihesabu kulia au kushoto ni ile ile. Kwa majuma matatu kosa lilikaa nasi limenyamaza.

Ijumaa nayo sikuitia alama yoyote. Nani asiyeijua Ijumaa? Ningechora mnara mmoja tu wa msikiti, wa kitoto, angeuona uko upande gani akageuza hesabu. Maua niliyatia, fedha niliitia, kisigino cha mtoto nilikitia. Mnara niliuona hauna kazi.

"Rudi," nilimwambia shangazi. "Rudi sasa hivi, nakuomba, ukamzuie."

Alinionyesha guia yake. Ilikuwa imepigwa muhuri wa kurudi, hadi Ijumaa nyingine. Alikwenda nayo langoni hata hivyo, mama wa watu, na miguu yake imevimba, akamwambia sipai amesahau mizani mjini. Alirudi na alama ya fimbo mkononi.

Nilikimbilia nyuma ya nyumba za mwisho, upande wa kaskazini, nikautazama waya. Ulikuwa mistari mitatu, makopo yamening'inizwa ili yalie, na nje yake ardhi imefyekwa tupu mpaka mwanzo wa mihogo. Askari wa mnarani aliniona, akainua mkono kunifukuza kama kuku. Nilimfikiria mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, ambao Jumapili ulikuwa na zamu ya kuni. Ningemwomba zamu yake, nijifunike, nitoke nao kusini, kisha nizunguke. Nizunguke wapi? Kutoka kusini hadi kaskazini ni kupita mbele ya mnara mchana kweupe. Na langoni wanahesabu vichwa na kutazama nyuso.

Nilirudi ndani, nikakaa chini. Mama alikuwa amekwishasikia yote kwa shangazi. Alikuwa na mtoto mapajani.

"Mwanangu, nyamaza," alisema. "Mtu anayepita mikoko huenda asionekane. Mungu akitaka atampofusha askari."

"Na asipotaka?"

"Ukienda kusema, wewe ndiye umemtia mikononi mwao. Mwanamume akitoka bila guia akakutwa upande ule, watasema mtu wa porini. Watamfunga. Hutamwona."

"Mfungwa anapumua, mama."

"Wapo waliopumua siku tatu."

Ilikuwa kweli. Nilikaa pale namtazama mama namna anavyomtikisa mtoto, na kila nilipofumba macho nilimwona mume wangu anatokea kwenye mikoko na jembe lake begani, anaangaza macho huku na huku akitafuta nguo yangu. Hakuna mtu shambani. Anasimama. Angesimama, namjua, asingekimbia. Angedhani tumechelewa, angeanza kulima kutusubiri. Nilijikuta nalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mlangoni, nami nikawatukana waondoke.

Adhana ya alasiri iliponikuta bado nimekaa, niliinuka. Niling'oa karatasi ya ukutani, nikajifunga buibui, nikaenda kwa kapiteni. Mama hakunizuia wala hakunipa dua.

Kapiteni alikuwa na nyumba ya mabati karibu na lango, na mkalimani wake alikuwa mtu wa Mocímboa, amechana nywele kwa mafuta. Nilimwamkia kapiteni, nikamwita senhor, yaani bwana, kama alivyopenda. Nilisema nimekuja kuokoa mtu. Nilisema kesho asubuhi mume wangu atatokea mashambani kaskazini, hana silaha, ni karani wa bandari, anakuja kumwona mtoto wake mchanga, na amekosea siku kwa sababu ya karatasi yangu. Nilimwomba awaambie askari wasipige.

Mkalimani aliichukua karatasi, akaitazama, akasema, "Mbona hakukosea? Hapa Jumamosi, hapa Jumapili." Kidole chake kilikuwa kushoto.

"Anzia huku, senhor," nikamwambia. Nilimwonyesha. Alihesabu, akamgeukia kapiteni wakasemezana kirefu.

Kapiteni alikuwa mtu mwekundu, mnene kidogo, anajipepea na kofia. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza nani ameitengeneza. Nikasema mimi. Nani amenifundisha. Hakuna. Rangi zina maana gani. Nikaeleza moja moja, buluu, mkandaa, kijani. Aliuliza tena nani ameitengeneza, na tena, mara nne tano, na kila mara nikajibu mimi, kwa mikono yangu hii, nyumbani kwangu.

Mwisho mkalimani akaniambia: "Kapiteni anasema askari hawatapiga, watamkamata. Mumeo akiulizwa akisema hivi hivi unavyosema wewe, basi kosa lake ni kutembea bila guia. Mwezi mmoja wa kutengeneza barabara, arudi kazini kwake. Akisema mengine, basi karatasi hii ni ya porini na nyote wawili mnatufanya wajinga."

Niliibusu meza yake. Sioni haya kuisema. Niliibusu meza, nikarudi nyumbani nikimwambia mama kwamba ni mwezi mmoja tu, mume wangu hana sababu ya kusema mengine, kweli ni moja.

Jumapili asubuhi nilisimama karibu na lango na mtoto mgongoni, uso wangu kaskazini. Sikunywa maji, sikusogeza mwiba, hapakuwa na karatasi ya kuuchomeka. Nilikuwa nasubiri mlio wa bunduki. Jua lilipanda, jogoo wa jirani akawika ovyo, mtoto akalia akanyamaza, na mlio haukuja. Nilianza kuhesabu tasbihi kwa vidole, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Mlio haukuja. Kisha lango lilifunguliwa, wakaingia naye katikati, mikono imefungwa nyuma, shati limepasuka, damu kidogo mdomoni. Anatembea kwa miguu yake. Nilisujudu pale pale mchangani na mtoto mgongoni.

Nilipoinuka alikuwa ameniona. Nilimfungua mtoto nikamwinua juu kwa mikono miwili ili amwone vizuri. Alitazama. Mkalimani alikuwa amesimama karibu yangu, kwa kuwa alitumwa kuwaonyesha askari mke ni yupi, na nikaona macho ya mume wangu yanatoka kwa mtoto yanakuja kwa mkalimani, yanakuja kwangu, yanatoka. Walimwingiza nyumba ya mabati. Alasiri walimpakia kwenye lori.

Mwezi mmoja uliisha. Miezi mitatu ikaisha. Nilikwenda kwa kapiteni, nikafukuzwa. Nikaenda tena, nikafungiwa siku mbili kwenye kibanda cha makopo, maziwa yakanikauka. Mkalimani alinikwepa. Kapiteni akahamishwa, akaja mwingine asiyejua habari yangu wala hakutaka kuijua. Niliamua kwamba walinidanganya tangu siku ile, kwamba mwezi mmoja lilikuwa neno la kunitoa mlangoni tu, na nikawachukia kwa hilo kuliko kwa nyumba waliyotuchomea.

Mtaa wetu ulinyang'anywa kaskazini kwa miezi miwili kwa sababu yangu. Watoto wawili walikufa ndani ya miezi ile; wangekufa hata hivyo, au wasingekufa, mimi nitajuaje. Wanawake waliokuwa wakinijia na maganda ya pakiti za chai, "nitengenezee ya kwangu iwe na ua kubwa", walizing'oa karatasi zangu wakawashia moto. Nilisikia kisimani, "kikulacho ki nguoni mwako." Walisema nimemuuza mume wangu kwa kapiteni. Sikujitetea. Ningeanza na lipi? Kila aliyetaka kujua siku alikwenda kumwuliza sipai, akaulizwa analeta nini.

Vita vilikwisha binti yangu ana miaka minne. Waya tuliukata wenyewe kwa mapanga, tukarudi pwani kujenga upya. Wafungwa walirudi kwa makundi, wengine kwa lori, wengine kwa miguu. Yeye alikuja na kundi la mwisho. Nilimjua kwa mwendo, maana uso ulikuwa wa mtu mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa talaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Aliniamkia, akaomba kumshika mtoto, na mtoto akamkimbia.

Alikaa kama mgeni kwa siku nyingi, na mimi nikamhudumia kama mgeni. Siku moja tumekaa barazani, mimi nachambua dagaa, alianza mwenyewe.

"Nilijua kosa nilipofika shambani tu," alisema. "Nimeona hamna mtu, nikaitoa karatasi, nikaigeuza, nikacheka. Nimecheka peke yangu pale. Nikasema, mke wangu kaandika kichuoni. Wakanikamata ningali nacheka."

Mikono yangu ilisimama kwenye ungo.

"Wakaniuliza nani kaitengeneza. Nikasema mie. Wakanipa penseli, haya, chora nyingine tuone. Nikachora. Mkono wangu unaujua." Alitabasamu kidogo, na nikaona meno ya mbele hayapo. "Wakanipiga. Kila mara wananirudisha pale pale. Nani? Mie. Nani? Mie. Nilijua nikisema ni weye watakuja kukuchukua na mtoto. Hilo nimelishinda. Miaka minne, hawakulipata jina lako kinywani mwangu."

Alisema kwa fahari, fahari ya kwanza niliyoiona kwake tangu arudi. Ningeweza kunyamaza. Lakini mtaa mzima uliniona nikienda kwa kapiteni siku ile, na angeambiwa kesho na mtu mwingine, kwa maneno mabaya zaidi.

"Walikuwa nalo," nikamwambia. "Niliwapa mimi. Jumamosi alasiri, kabla hujafika. Nilikwenda kuwaomba wasikupige risasi, nikawaambia karatasi ni yangu."

Hakukasirika. Nilimwona anarudi nyuma, anazipitia siku zile moja moja, kila walipomwuliza na kila alipojibu, na wao wamekaa pale wanajua tangu asubuhi ya kwanza kwamba anasema uongo, wakidhani sisi wawili tunamficha mtu wa porini.

"Na ningesema kweli," akauliza, "ningesema ni mke wangu, wangenifunga muda gani?"

Binti yetu alikuwa anacheza na vichwa vya dagaa miguuni kwetu. Nikainama kwenye ungo, ule mwezi mmoja wa barabara umenijia kichwani, nikaendelea kuchambua.

"Sijui," nikamwambia. "Hawakuniambia."

Akatikisa kichwa, akasema hata yeye anadhani wangemweka miaka ile ile, wale hawakuwa watu wa kuachia. Nikasema ndiyo, hawakuwa watu wa kuachia. Tuliishi pamoja miaka kumi na tisa baada ya siku ile, tukazaa wengine watatu, na nilipomzika alikuwa bado anaamini hivyo.